Kiti cha Kushoto

Nangila alikuwa akichambua omena kwenye sinia, mchanga upande huu, samaki upande ule, Beldina alipoingia bila hodi, simu juu kama mtu anayetafuta mtandao.

"Mama Debra, simu yako unawekanga wapi? Mzee wako amekupigia mpaka amechoka, sasa ananisumbua mimi."

"Iko kwa chaji. Anasemaje?"

"Ule mzee wa Maseno ameenda. Waliaula."

Nangila hakuinua kichwa. Mzee Waliaula, rafiki wa mumewe, alikuwa amezeeka na alikuwa mgonjwa tangu Krismasi, na omena hii ilikuwa na mchanga kuliko kawaida. "Mungu amlaze," akasema.

"Ngoja kwanza, sijamaliza. Ati mzee amemwachia Baba Debra gari."

Vidole vya Nangila vikasimama. "Gari?"

"Gari, nyar Bungoma!" Beldina akasema, akimwita binti wa Bungoma kwa Kijaluo. " Anakuja nayo jioni hii."

Habari ya gari haikai mahali pamoja katika ploti ya Migosi. Kabla omena hazijaoshwa, safu nzima ya nyumba ilikuwa imejua, na Caren wa nyumba ya mwisho alikuwa amefungua kamba yake ya nguo uani ili gari lipate pa kuegeshwa. Nangila mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa ndoto, alijikuta akifikiria jinsi wangeenda nyumbani Bungoma mwezi wa Desemba kila mtoto akiwa na kiti chake.

Jioni Simiyu, mumewe, akaingia na pikapu ileile ya tajiri wake, ile ya kupelekea watu simiti na mabati, akashuka akiwa amekumbatia sanduku la viatu.

"Iko wapi sasa?" Caren akauliza.

Simiyu akafungua sanduku. Beldina akachungulia kigari kilichokuwa ndani, halafu akapiga makofi. "Woi! Mama Debra, shukuru Mungu. Hii angalau haitakula mafuta."

Ploti nzima ikacheka. Nangila akacheka pia, maana ungefanya nini, akarudi jikoni.

Simiyu hakuwa mlevi na hakuwa mtu wa wanawake. Alikuwa na vigari. Alipokuwa mtoto alisimama kando ya barabara karibu na Webuye, akala vumbi la mbio za magari za Pasaka, na vumbi lile halikumtoka. Sasa alikuwa na kabati la vioo juu ya televisheni, limejaa magari ya zamani ya mashindano, Datsun nyeupe yenye boneti nyeusi, Peugeot ya buluu yenye taa nne mbele, kila moja limetengenezwa sawasawa na la kweli isipokuwa limepunguzwa mara kumi na nane. Ukiita toi anakasirika. "Ni modeli," angesema, na angekuonyesha milango inavyofunguka na usukani unavyozungusha magurudumu. Watoto walikuwa hawagusi. Nangila alikuwa anagusa, kwa sababu nani mwingine angepanguza vumbi?

Hili la Mzee Waliaula lilikuwa la rangi ya maziwa, mistari myekundu ubavuni, namba ya mlangoni imefifia. Kiti cha kulia, cha dereva, kilikuwa kitupu. Palikuwa na alama ya gundi tu. Kwenye kiti cha kushoto alikaa mtu mdogo mwenye helmeti, kichwa kimeinama.

Nangila alilisogeza ili aweke sufuria mezani, na boneti ikamchoma kidole. Ilikuwa na moto kama mfuniko wa chungu.

"Lilikaa kwa dashibodi, jua limelipiga," Simiyu akasema.

"Na hili tope?"

"Mzee alilipaka udongo lionekane la kweli."

Udongo uliopakwa miaka ile ungekuwa umekauka. Huu ulibaki kwenye kidole chake, mbichi, mwekundu, unanuka mvua. Mvua haikuwa imenyesha Kisumu mwezi ule. Nangila akajifuta kwenye aproni, akapakua.

"Mbona hapa hakuna dereva?" Shantel akauliza. Alikuwa wa mwisho, miaka saba, na alikuwa na swali kwa kila kitu.

"Mzee alimng'oa mwenyewe," Simiyu akasema. "Huyu wa kushoto ndiye yeye. Alikuwa msoma njia. Ona, dereva anakimbia, mbele ni vumbi tupu, haoni. Sasa wa kushoto anamsomea. Kulia tatu. Kushoto tano. Daraja. Shuka. Namba ikiwa ndogo, kona ni kali. Wengine walisoma kwa karatasi, lakini Mzee Waliaula alikuwa na njia zote kichwani. Na wakimaliza anasema, 'Tumefika.' Hapo ndipo dereva anaachilia usukani."

"Na dereva alienda wapi?" Debra akauliza. Debra alikuwa kidato cha pili na hakupenda hadithi zisizo na mwisho.

Simiyu akamwangalia mkewe kwanza. "Walisimama mahali, kina mama wakawapa mahindi ya kuchemsha. Mzee alikuwa na njaa. Wakaenda, wakafika mteremkoni, na kona moja ikamkuta mdomo umejaa." Akasukuma omena kwa kidole. "Kona moja tu. Yeye alipona, mwenzake akafa. Tangu hapo hakula mbele ya mtu. Miaka yote nikimtembelea, sijawahi kumwona ameweka kitu mdomoni."

"Kuleni, ugali unapoa," Nangila akasema.

Wakati huo mtu akasema hodi mlangoni. Sauti ya mwanamume, ya chini, yenye adabu.

"Karibu, tuko mezani," Nangila akajibu bila kugeuka. Ni desturi ya kila nyumba. Karibu hutoka kwanza, macho yanafuata. Pazia la mlango likaingia ndani kidogo, likarudi. Hakuna aliyeingia.

"Nani huyo?" Debra akauliza.

"Atakuwa mtu wa Caren, amekosea mlango."

Lakini chumba kikanuka petroli, na Shantel akapiga chafya kama aliyepitiwa na vumbi.

* * *

Sauti ilianza mchana, saa ile Kisumu inapokuwa na joto la kulaza hata mbwa. Nangila alikuwa anapiga pasi sare za shule. Mtu alikuwa anasoma kitu, polepole, kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka.

"Nyoosha. Kulia nne. Tuta. Tuta lingine. Kushoto mbili, ndani."

Akadhani ni redio ya jirani. Akageuza kola. Sauti ikasema, "Tumefika," na nje pikapu ya Simiyu, aliyekuja kula, ikapiga honi langoni.

Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na ile iliyofuata. Nangila alikuwa na nguo za kufua na hakuwa na nafasi ya kuogopa redio. Mpaka Beldina alipokuja kuazima sufuria kubwa, akasimama katikati ya chumba na sufuria kichwani.

"Nani huyo anaongea?"

"Redio."

"Redio ya wapi? Stima imepotea tangu asubuhi."

Wakatazamana. Katika kabati, nyuma ya kioo kilichofungwa, sauti ilisema, "Simama. Wacha ng'ombe wapite." Ikanyamaza kwa muda ambao ng'ombe wengi wangepita. "Haya. Twende. Nyoosha."

Beldina akashusha sufuria taratibu, kama mtu anayeweka yai. Wakabaki wamesimama hapohapo mpaka sauti iliposema, "Tumefika," na Simiyu akaingia akijifuta jasho.

"Nimechelewa," akasema. "Pale Nyamasaria kuna mtu alikuwa anavusha ng'ombe kama kijiji kizima."

Beldina akamvuta Nangila hadi bomba la maji uani, akamnong'oneza kwa nguvu hivi kwamba afadhali angepiga kelele. "Hiyo si jini ya Mombasa ya kufukiziwa ubani. Sisi tunaita jachien. Mtu ameenda na kazi yake haijaisha, sasa anaitafuta kwa watu. Toa hiyo kitu kwa nyumba!"

"Nitamwambia Baba Debra."

"Baba Debra anajua. Hujaona anavyoangalia hiyo kabati? Kama mtu ameoa mara ya pili."

Na kweli Simiyu alijua. Jioni Nangila alimkuta akiosha pikapu, akamuuliza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, naye hakukana. Akatabasamu kama kijana.

"Ananisomea, Mama Debra. Nikiwa peke yangu kwenye gari, nasikia hapa kushoto. Juzi kule Ahero aliniambia, 'Simama,' nikasimama, na lori lisilo na taa likapita hapo ambapo ningekuwa. Ningekuwa maiti."

"Simiyu, huyo ni mtu aliyekufa."

"Wangapi walio hai wananisaidia?" Akakamua kitambaa. Halafu akasema jambo ambalo Nangila hakuweza kulisahau, akalisema kwa furaha. "Leo nilifumba macho. Kutoka Mamboleo mpaka hapa langoni. Nilitaka kuona kama ninaweza. Sikugusa hata jiwe."

Nangila alikuwa mtu wa vitendo. Kesho yake, Simiyu alipoondoka, alifungua kabati, akafunga kigari kwa leso kuukuu, akakitia ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, akarundika blanketi za baridi juu yake, akafunga kufuli. Alikusudia kukipeleka Maseno kwa wenyewe siku ya soko. Mchana sauti ilianza, lakini sasa ilitoka chini ya kitanda na ilisikika kama mtu aliyezibwa mdomo kwa nguo. Ikasema kulia, ikasema jambo lisiloeleweka, ikanguruma, ikakatika. Nangila akakaa kitandani, akangoja. Hakukuwa na "Tumefika."

Simiyu alirudi jioni akiletwa na pikipiki, mshono mbichi juu ya jicho la kushoto, damu imekauka kwenye shati. Pikapu ilikuwa imeingia mtaroni Nyamasaria, mahali palipo wazi, barabara imenyooka, jua linawaka. Alikaa tu, akasema, "Alinyamaza. Nilikuwa nimezoea kutoangalia, akanyamaza."

Nangila akaenda chumbani, akafungua kufuli, akakirudisha kigari kabatini kwa mikono yake mwenyewe. Boneti ilikuwa na moto.

"Wacha kuendesha," alimwambia baadaye. "Omba kazi ya stoo."

"Stoo kuna mtu. Na watoto watakula nini, modeli?"

Nangila akaenda kusonga ugali.

* * *

Beldina ndiye aliyemleta Mtumishi Absalom. Siku za kazi alishona nyavu kule Dunga. Siku za maombi alivaa kanzu nyeupe na kubeba msalaba wa mti. Walichagua Jumamosi kwa sababu Simiyu angekuwa nyumbani, ameketi, hayuko barabarani. Lakini asubuhi ile tajiri alipiga simu. Kuna mtu Kakamega anataka apelekewe mabati mengine na yale ya kwanza yarudishwe dukani, pikapu imeshatengenezwa, twende. Simiyu akavaa kofia, akaondoka. Nangila akamtumia Beldina ujumbe kwamba waahirishe, lakini Mtumishi alikuwa tayari njiani, na alifika alasiri, viatu mkononi, mawingu meusi yakiwa yamekaa juu ya kilima cha Riat.

Watoto walipelekwa kwa Caren. Absalom alisimama mbele ya kabati, akavuta pumzi puani.

"Petroli," akasema. "Na njaa. Huyu ana njaa sana. Nani alimkaribisha?"

"Hakuna," Nangila akasema.

"Mama, hawa hawaingii kama mwizi. Wanabisha. Mtu alisema karibu."

Nangila akakumbuka pazia. "Nilijibu hodi," akasema. "Kila mtu hujibu hodi."

"Ndiyo maana wanapenda nyumba zetu."

Akaanza kuomba, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kijaluo, akinyunyiza maji kwenye kioo, Beldina akiitikia huku amefumba macho, na mara sauti ile ikaanza kusoma, tulivu kama kawaida, nyoosha, soko, watu, polepole, kulia tano, na Nangila, aliyekwenda Bungoma kwa njia hiyo tangu alipoolewa, akaitambua barabara. Simiyu alikuwa ametoka Kakamega. Alikuwa anarudi nyumbani.

"Toka!" Absalom akasema.

"Kulia nne," sauti ikasema.

"Toka kwa jina la aliye juu!"

"Kushoto," sauti ikasema, na haikutaja namba.

Nangila akaona, kwa macho yake, kupitia kioo chenye matone ya maji, usukani mdogo wa kile kigari ukizunguka wenyewe huku na huku kama unaotafuta, na magurudumu ya mbele yakigeuka kushoto, yakirudi, yakigeuka tena, na kutoka ndani ya kabati ukasikika mlio mwembamba wa tairi zinazosota kwenye lami, mwembamba kama wa mbu lakini haufanani na mwingine, mlio wa gari zito linalomponyoka mtu, na harufu ya mpira unaoungua ikajaa chumba mpaka Beldina akakohoa, na Absalom alikuwa ameinua msalaba kwa mara ya tatu, na Nangila akamrukia, akaushika mkono ule uliovaa kanzu, akaning'inia nao kama mtoto.

"Acha! Mtumishi, acha! Utamuua!"

Mlio ukakoma. "Mbili," sauti ikasema, kama mtu aliyepata pumzi. "Kushoto mbili. Nyoosha."

Absalom akashusha msalaba. Jasho lilimtiririka. "Mama, mimi siwezi kumfukuza ikiwa wewe unamshika. Aliyesema karibu ndiye atasema toka. Sema. Neno moja."

Nangila akafungua mdomo. Neno lilikuwapo, tayari kwenye ulimi. Lakini nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na Riat ilikuwa bado mbele, mteremko wote ule, na mume wake alikuwa huko juu akiendesha kwa masikio. Kama angesema toka, angekuwa amemwachia nani usukani?

"Mlete," akasema. Hakuwa anaongea na Absalom. "Mlete nyumbani salama. Usimwache njiani. Ukimleta, karibu chakula. Utakula na sisi."

Ndani ya kabati kulikuwa na kitu kinachosikiliza.

"Asante, Mama," sauti ikasema. Halafu, "Kulia tano. Nyoosha."

Absalom akavaa viatu vyake. Beldina alimpa maji, hakuyagusa. "Mgeni mwenye mwaliko simtoi," akasema mlangoni. "Nilikuja kumtoa aliyeitwa mara moja, sasa umemwita mara ya pili."

"Ningefanya nini, Mtumishi?"

Absalom akaweka msalaba begani. "Sijui," akasema, na akaenda kwenye mvua.

* * *

Mgeni hulishwa kuku. Nangila alimchinja jogoo aliyemkusudia Krismasi, akamnyonyoa, akamkata, akamuunga kwa nyanya na vitunguu. Mikono ilijua kazi yake. Alipika karibu na mlango wa jikoni ili asikie, na sauti iliendelea kusoma huku mafuta yakilia, na kila iliposema kona, alisubiri namba, na namba ilikuja. Watoto wakarudi kutoka kwa Caren, wamelowa.

"Kuku?" Debra akauliza. "Kuna mgeni?"

"Songa ugali."

"Lakini nani?"

"Debra, songa ugali."

Giza lilikuwa linaingia na stima ilipepesa bila kuzimika. Nangila alikuwa anapakua alipogundua kwamba sauti haikuwa tena kabatini. Kabla hajajua pa kuitafuta, mtu akasema hodi.

Safari hii hakujibu. Alijibu Shantel. "Karibu! Baba amekuja!"

Simiyu akaingia, akavua kofia. Nangila alipumua kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Akasema, "Afadhali," akageuka kuchukua sahani yake, na mgongo ukiwa umegeuka hivyo akafikiria kwamba hakuwa amesikia pikapu. Hakuwa amesikia honi. Na hakuna aliyesema tumefika.

Akageuka polepole. Nje mvua ilikuwa inamwagika kama kwa ndoo, na shati la Simiyu lilikuwa kavu. Juu ya jicho la kushoto, mahali pa mshono, ngozi ilikuwa laini. Alipita kiti chake cha siku zote, cha kulia, akavuta kile cha kushoto wanachokalia wageni, akaketi, kichwa kimeinama kidogo.

"Mama," Shantel akanong'ona, ameegemea kabati. "Yule mtu wa kushoto ametoka kwa gari."

Nangila hakuhitaji kutazama, lakini alitazama. Viti vyote viwili vya kile kigari vilikuwa vitupu.

"Njoo mezani," akasema. "Njoo ukae karibu na mimi."

Debra alishamnawisha mikono mtu yule, kama anavyomnawisha baba yake kila jioni, na hakuona kitu, kwa sababu uso ulikuwa wa baba yake. Lakini Nangila alikuwa karibu sasa, na aliona midomo. Midomo ilikuwa inacheza. Chini kwa chini, bila kupanda wala kushuka, ilikuwa inasema, "Nyoosha. Tuta. Kulia tano. Nyoosha."

"Baba anaomba," Shantel akasema. Halafu, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kuhesabu shuleni, na bibi yake hakuwa karibu kumkanya kwamba watu hawahesabiwi kama mbuzi, akaanza kuelekeza kidole. "Baba. Mama. Debra. Mimi. Tuko wote."

Simu ya Nangila ikaita juu ya meza. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa Baba Debra.

Akaipokea. Mvua ilijaa sikioni, na nyuma ya mvua injini.

"Mama Debra, nimepita Kiboswa." Alikuwa Simiyu, mchangamfu, anapaza sauti. "Mvua kubwa, kioo hakionyeshi kitu. Lakini usiwe na wasiwasi, anasoma vizuri sana leo. Hajawahi kusoma hivi. Naanza kuteremka Riat."

"Simiyu, simama."

"Nini?"

"Simama hapo ulipo! Zima gari!"

"Siwezi, lori liko nyuma yangu, limenibana, na mabati ni mazito. Hakuna shida. Nimefumba macho kabisa, natumia masikio. Nasikia harufu ya kuku hapa kwenye gari, kwani umepika kuku?"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, hakupatikana.

"Shuka," mtu yule alisema mezani. "Kulia nne. Shuka. Kushoto tatu. Shuka."

Sahani yake ilikuwa mbele yake. Nangila mwenyewe aliiweka, ugali mkubwa, paja la jogoo, mchuzi umefurika, sahani ya mgeni aliyeahidiwa. Mtu yule alikuwa anaitazama sasa, na katika uso ule wa mume wake macho yalikuwa ya mzee aliyekaa bila kula mbele ya watu muda mrefu kuliko umri wa watoto hawa. Mkono ukatoka. Ukamega ugali, ukaufinya, ukaufanya tonge, bila haraka, midomo bado ikisoma, na hapo ndipo Nangila alipokumbuka mahindi ya kuchemsha, na kina mama wa kando ya barabara waliowapa kwa moyo mwema, na kona iliyomkuta mtu amejaza mdomo, akaelewa alichokuwa ameahidi na kile alichokuwa amepika alasiri nzima, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Ulikuwa na moto kama mfuniko wa chungu, na mzito kama gari lililoegeshwa. Haukutikisika.

"Usile," akanong'ona. "Baba yangu, tafadhali. Mzee. Soma kwanza. Soma mpaka afike, halafu utakula chote."

"Mama?" Debra akasema. "Unamkataza Baba chakula?"

"Shuka," mtu yule akasema. "Kona ndefu. Kulia..."

Akachovya tonge kwenye mchuzi, akalitia mdomoni. Akafumba midomo, akaanza kutafuna, taratibu, macho yakimjaa machozi kwa utamu.

Nje mvua iliendelea. Shantel akavuta sahani yake karibu. Debra, ambaye alipenda baba yake ale vizuri, akasogeza bakuli upande wa kushoto wa meza.

"Ongeza mchuzi, Baba," akasema.